Shoti Ishirini na Tatu

4 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumaini umeamka salama siku utakayoipokea hii, na kwamba mgongo wa mkaza mjomba umeacha kumsumbua. Mimi huku chuoni sijambo. Mama naye hajambo, tulizungumza juzi. Anasema ile pasi uliyomtengenezea sasa inachoma kuliko kabla hujaigusa. Anakushukuru, nadhani.

Mchana hupokei simu kwa sababu uko kazini, na jioni hupokei kwa sababu umetoka kazini. Isitoshe naikumbuka kanuni iliyobandikwa mlangoni kwako, kwamba kazi yoyote ya karakana iletwe kwa maandishi. Basi, Mjomba, naleta kazi.

Huu ni mwaka wetu wa mwisho, na kila mwanafunzi wa filamu anatakiwa kutengeneza video moja ya muziki. Mwenzangu mmoja ana wimbo mzuri wa mtu aliyeacha mzigo wake mahali, akasema "narudi sasa hivi", akapotea mazima. Ule wimbo haukufika hata katikati, mimi tayari nilikuwa naiona karakana yako. Nilikuwa naziona zile feni arobaini na moja ulizozitengeneza na wenyewe hawakuja kuzichukua, zimening'inia darini kila moja na kadi yake. Nilipokuwa mdogo, Mama akiniacha kwako, ulikuwa unanilaza kwenye gunia chini yake, unaniwashia moja, ya pili, ya tatu, mpaka ninyamaze. Nimetafuta mahali pengine kwa wiki mbili. Hakuna.

Ombi langu ni kwamba tuje watu wanne, kwa siku moja, tupige shoti ishirini na tatu. Ya kwanza mlangoni. Ya pili na ya tatu tutazipiga juu ya meza yako ya kazi. Kuanzia ya nne mpaka ya tisa zote ni usoni mwa mwimbaji. Ya kumi na saba ni ndefu sana, inaanzia sakafuni inapanda taratibu mpaka darini. Ya ishirini na mbili tunapiga feni zote zikiwa zinazunguka. Ya mwisho ndiyo naipenda kuliko zote, na nimeieleza kwenye karatasi ya mpango niliyoweka humu ndani. Tafadhali isome.

Siku ya kukabidhi kazi ni 30 Juni. Nimeipigia mstari mara mbili, usinielewe vibaya.

Mpwa wako.


19 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Sisi wazima. Mgongo wa mkaza mjomba wako umepona, na nguvu zote alizokuwa anazitumia kulalamika sasa amezihamishia kwenye kunisimamia. Pasi ya mama yako haina kosa. Mwambie ile duara ya joto ina namba, na namba zimewekwa zisomwe.

Sasa tuje kwenye hilo lako. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ilibidi nikae. Mwanangu, nimekukosea nini?

Miaka thelathini na moja nimesuka mota na kutengeneza feni ndani ya chumba hiki, na nyaya zake zote nilizivuta kwa mikono yangu. Umesahau maandishi mekundu ukutani? HAPA HAIJAWAHI KUPIGA SHOTI. Watu huleta vitu vyao hapa kwa sababu ya maneno hayo manne. Leo damu yangu mwenyewe inaniandikia kwa heshima zote, na shikamoo juu, kwamba inataka kuja kupiga shoti ishirini na tatu kwa siku moja. Sita katika hizo ni usoni mwa mtoto wa watu. Huyo mwimbaji, wazazi wake wana habari?

Najua siku hizi vijana mnapenda cheche kwenye video. Lakini umeme si mtu wa kutaniana naye. Fundi wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Chapchap, amepiga shoti tatu tangu mwaka uanze, na moja iliondoka na nyusi zake. Sasa hivi anawatazama wateja kwa uso kama yai. Akisikia kwangu zimepigwa ishirini na tatu kwa hiari, nitahama mji.

Hata hivyo kuuliza si ujinga. Hiyo ya kumi na saba, ya kutoka sakafuni mpaka darini, mlipanga mtu asimame wapi ili abaki hai?

Mjomba wako.


2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nafurahi kusikia mkaza mjomba amepata nafuu. Pole kwa nafuu hiyo.

Mjomba, barua yako niliisomea maktaba. Nimefukuzwa maktaba. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, na mbavu bado zinauma.

Shoti ya kwetu haina umeme. Kamera ikianza kurekodi mpaka ikiacha, kile kipande cha picha ndicho tunakiita shoti. Shoti usoni maana yake kamera imesogea karibu, uso umejaa. Shoti ndefu ni kipande kirefu. Hakuna cheche, hakuna nyusi zitakazopotea. Kamera yenyewe inatumia betri. Kosa ni langu, nimekaa na watu wa filamu miaka mitatu mpaka nimesahau kwamba neno hilo lilikuwa lenu kwanza.

Naomba tena, kwa Kiswahili cha watu wote: tunaomba tuje tuchukue vipande ishirini na tatu vya picha.

Mpwa wako.


20 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Mngesema vipande tangu mwanzo. Nimeshajaza ndoo saba za mchanga na kuzipanga ukutani. Hazitolewi sasa, kuzijaza si mchezo. Mtapiga nazo.

Mkaza mjomba wako amepata habari za video na ana hoja. Anasema haoni sababu ya wimbo kuimbiwa kwenye grisi wakati yeye ana sebule yenye vitambaa vipya vya makochi. Nilimwambia wimbo unahusu vitu vilivyoachwa. Akasema basi yeye anafaa, maana kwenye karakana yangu hakuna aliyeachwa kuliko yeye. Nakuonya tu kwamba ameshonesha gauni.

Nimekubali mje, ila kwa masharti. Feni hazifunguliwi. Kadi haziondolewi, maana mwenye mali anaweza kuja wakati wowote. Na karatasi yako ya mpango haina sahihi. Hapa hatupokei agizo lisilo na sahihi, awe mpwa awe waziri. Ninairudisha ndani ya bahasha hii, tia sahihi uitume tena, nitaibandika juu ya meza yangu mahali pa kazi zinazosubiri.

Kuhusu hiyo ya ishirini na tatu, umeandika: "Mwimbaji anashika sauti ya mwisho. Feni zote zinakufa pamoja, polepole, mpaka kimya." Kila feni hapa ina swichi yake. Nani atazizima arobaini na moja kwa pamoja?

Jambo jingine. Mama yako alipita hapa na ile pasi. Ameniambia lile ambalo wewe hukuniambia, kwamba kazi kama hii uliifanya mwaka jana ikarudishwa. Sikuulizi chochote. Feni ikirudi hapa mara ya pili, mimi huwa siikemei feni.

Mjomba wako.


6 Aprili

Mjomba, shikamoo, na asante.

Mama mdomo wake hauna mlango. Lakini ni kweli. Mwaka jana nilipiga picha nzuri tu, kila mtu alisema nzuri. Mwalimu akaniuliza kila kipande nilikipanga lini na kwa nini, nikawa naokoteza maneno. Akaandika juu ya karatasi yangu: "Bahati si ufundi." Sikukwambia kwa sababu nilikuonea haya. Ikirudishwa tena mwaka huu, chuo kimeisha kwangu, nitarudi nyumbani na begi. Ndiyo maana ule mstari niliupiga mara mbili.

Karatasi hii hapa, ina sahihi. Kuhusu kuzima, wenzangu wawili na wewe mtakimbia kwenye swichi, sijui, tutaona. Tutakuja Jumamosi ya tarehe 17 saa mbili asubuhi.

Mwambie mkaza mjomba gauni lisiwe jeupe. Jeupe linaivuruga kamera.

Mpwa wako.


25 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini hamjambo wote. Tulifika salama. Mwimbaji anakohoa vumbi mpaka leo lakini anawasalimu, na anasema hajawahi kulishwa vile na watu asiowajua. Mwambie mkaza mjomba kwamba nimehesabu, amepita mbele ya kamera mara saba, na gauni lilikuwa jeupe.

Nashukuru kwa kila kitu. Nilipokuwa napanda basi nilikuambia narudi Jumamosi inayofuata kukusaidia kupanga vitu, lakini mambo yameingiliana. Nitakuja.

Mjomba, umeme huko ukoje?

Mpwa wako.


14 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Hatujambo. Mkaza mjomba wako anasema nyeupe ilikuwa krimu.

Umeme uko salama. Kwa nini?

Tulikusubiri Jumamosi ile, na hii iliyopita. Si neno, vitu nimevipanga mwenyewe. Ile ya ishirini na tatu ilitoka? Nauliza tu kwa sababu karatasi yako bado iko juu ya meza, na kazi ikiisha huwa napenda kujua kama imeisha vizuri.

Mjomba wako.


9 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sijui nianze vipi. Salamu za Mama ninazo, na ile pasi ameigawa. Nimeshamaliza habari za nyumbani, sasa lazima niseme.

Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi, na kila mara inanichoma. Nastahili. Nimekaa wiki saba nikijifanya sikuona kilichotokea. Mjomba, nisamehe, nilikuvunjia miaka thelathini na moja yako.

Unakumbuka ilivyokuwa. Tumeshapiga ishirini na mbili, jua la dirishani linaanza kuondoka. Ile ya mwisho tumejaribu mara tatu, watu wanakimbizana kwenye swichi, feni hii imekufa, ile inazunguka, ya tatu mtu ameizima kisha akaiwasha tena kwa papara. Ilifanana na watu wanaoua mende. Nilikuwa nataka kulia. Wewe ukasema unaingia stoo kutuletea maji ya kunywa. Nikasema tujaribu mara moja tu tena, mwimbaji akaanza, kamera ikaanza, na kabla hatujagusa swichi hata moja, "ta!" huko nyuma. Taa zetu mbili za kupigia picha zikazimika. Feni zote arobaini na moja zikaanza kufa kwa pamoja, polepole, nzito zikibaki nyuma ya nyepesi, na mwimbaji alikuwa ameshika ile sauti, akaendelea nayo hadi feni ya mwisho iliposimama. Kisha tukasikia harufu ya kuungua. Ukatoka stoo bila maji, ukatutazama mmoja mmoja, ukasema, "Basi, fungasheni," ukaenda zako nje.

Nilijua pale pale. Taa zetu zile mbili ndizo zilizolemea. Shoti ya kwanza katika karakana yako, na nimeileta mimi, tena baada ya kukucheka mpaka nikafukuzwa maktaba. Uso wako ulivyokuwa sikuweza hata kukuaga vizuri.

Sasa nimelipwa. Mwalimu ameitazama video, akasimama kwenye ile ya ishirini na tatu, akairudisha mara nne. Akaniuliza mbele ya darasa zima nimeipangaje. Ningeweza kudanganya, Mjomba. Nikasema kweli: "Umeme ulipiga shoti kwenye karakana ya mjomba wangu, ilikuwa ajali." Akafunga daftari. Akasema ajali haina alama, na bila kipande hicho video haijafika dakika zinazotakiwa. Mpaka tarehe 30 nilete ushahidi wa maandishi kwamba kilipangwa, la sivyo imerudishwa. Ushahidi sina, maana hakikupangwa.

Kwa hiyo mwezi ujao nitakuwa nyumbani na begi. Nitakuja kukupakia rangi ukutani, pale penye yale maandishi.

Mpwa wako asiye na maana.


15 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba nitakupa mwishoni, nikiwa nimepoa.

Umesimama mbele ya darasa la watu, watu wasomi, umesema karakana yangu imepiga shoti? Kwa mdomo wako? Watu wangapi walikuwa humo ndani? Kuna hata mmoja mwenye ndugu mtaa huu? Mimi nilidhani nimelea mpwa, kumbe nimelea Chapchap.

Taa mbili. Waya wa chumba hiki ungebeba taa zenu mbili, na za darasa zima, na pasi ya mama yako juu yake. Harufu ya kuungua ilikuwa maziwa. Mkaza mjomba wako aliyaacha jikoni yachemke ili awahi kupita mbele ya kamera mara ya nane. Sufuria ipo, uliza.

Niliizima mimi.

Karatasi yako ilikaa juu ya meza yangu zaidi ya wiki, naisoma kila ninapokunywa chai. Feni zote, pamoja, polepole. Nikajisemea, mtoto anajua anachotaka ila hajui kinapatikana wapi. Swichi kuu iko stoo, nyuma ya pazia. Ukiishusha hiyo, zote zinaachwa kwa mara moja, na kila moja inasimama kwa uzito wake. Hicho ndicho ulichokiandika. Siku ile niliwaacha mkimbizane kwanza kwa sababu mwongozaji ni wewe, na fundi haingilii kazi ya mwenzake mpaka aone imekwama. Ilipokwama mara ya tatu nikaingia stoo. Maji yapi? Maji yalikuwa mezani.

Nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza. Yule binti alipofika pale juu, nikashusha.

Kisha nikachungulia. Miaka yote hii nimeziona feni hizo zikisimama, sikuwahi kuona kwamba ni nzuri. Na nilikuona wewe, mkono mdomoni, kama ulivyokuwa ukizitazama kutoka kwenye lile gunia. Nikatoka ili niseme ni mimi, nikawatazama mmoja mmoja. Nikasema fungasheni. Nje nilikaa kwenye ndoo ya mchanga kwa muda. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikuwa nimeamua siri hii niende nayo, video iwe yako peke yako. Barua ile ya Mei nilikuwa nakuchokoza tu uniambie imekupendeza, basi. Lakini jina la karakana limetajwa, siwezi kunyamaza.

Mwalimu wako anataka ushahidi wa maandishi. Hapa hapakosekani maandishi. Nimejaza kadi, kama ninavyojaza kwa kila kazi, na nimeambatanisha karatasi yako ya mpango yenye sahihi na tarehe. Inasema hivi:

Kifaa: Shoti namba 23.
Mwenye kazi: Mpwa wangu, mwongozaji.
Tatizo: Hakuna.
Kilichofanyika: Swichi kuu imeshushwa kwa mkono wa fundi mwenyewe, kwa agizo la maandishi la mwenye kazi, lenye sahihi, lililopokelewa karakana siku nane kabla. Haikupigwa shoti yoyote.
Hali: Iko tayari.

Usihangaike kuitafuta kwenye bahasha, haimo. Nimeifunga kwa waya darini, mwisho wa mstari, baada ya feni ya arobaini na moja. Kwa posta situmi. Wale arobaini na moja wote waliniambia "narudi sasa hivi", kama kwenye wimbo wako, na mimi nimefagia chini ya mali zao miaka yote hii. Wewe uliniambia Jumamosi. Sitaki kufikisha arobaini na mbili.

Una siku kumi na tano. Njoo uchukue kilicho chako. Mkaza mjomba wako anauliza kama mtakuwa na kamera.

Marahaba.

Mjomba wako.